Vidole Vinne Juu ya Mtutu

Usiku ule nililala mikono ikinuka baruti. Nilikuwa nimeinawa kwa sabuni ya magadi, nikaisugua na majivu, na bado harufu haikutoka. Mume wangu Hamisi akanicheka, akasema leo analala na askari. Nikamwambia askari gani huyo anayeogopa mende. Tukacheka, taa ikazimwa, nikavuta shuka mpaka kidevuni. Mimi ni mwoga, sifichi. Tangu utotoni ni mtu wa kushtuka paka akiruka juu ya bati. Lakini jioni ile nilikuwa nimeshindilia gobore kwa mikono yangu mwenyewe, na nilikuwa najiona kweli kweli.

Habari ya hilo gobore lazima niieleze kwanza, maana bila hiyo ndoto yangu haieleweki. Lilikuwa la babu yangu, Babu Athumani, baba yake mama, aliyenilea hapa hapa bondeni upande wa Tunduru. Huku mpunga ukianza tu kuinamisha vichwa, nguruwe wa porini nao wanaanza safari. Ni bunduki ya kizamani isiyojua risasi za dukani. Unamimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, unafuatisha tambara, unatia goroli, unafunga kwa tambara jingine, na kila kimoja unakisukuma chini kwa mdeki, yaani ule ufito mrefu wa kushindilia. Ukimaliza, unauacha mdeki humo humo ndani na kutazama umebaki nje kiasi gani.

Mdeki wa Babu ulikuwa umekatwa sawa na mtutu. Gobore likiwa tupu, ncha yake ilikuja usawa wa mdomo, haizidi wala haipungui. Likishashindiliwa, ulitakiwa kubaki nje vidole vinne. Vikipungua, umetia kidogo na nguruwe atakugeukia. Vikizidi, umejaza mno au kuna kitu hakijashuka mpaka chini, na hapo mtutu utapasuka usoni mwako. Hesabu yote ya bunduki ile ilikuwa hapo.

Babu alinifundisha haya kwa sababu wajukuu wengine walikwenda mjini na mimi nikabaki. Aliniita mke wangu, kama mababu wanavyowaita wajukuu zao wa kike, nami nikimwita mzee asiye na mahari. Alikuwa mtu wa mzaha, isipokuwa mdeki ukiwa mkononi. Hapo alinisimulia kila mara habari ya mwenzake, Mzee Likonde, aliyepasukiwa na mtutu akiwa dunguni, kule juu ya kichanja cha kulindia mpunga, kabla mimi sijazaliwa. Walimshusha amefunikwa kaniki usoni na hata ndugu zake hawakuruhusiwa kuifunua. Kisa hicho nilikichukia. Nikikisikia nilikuwa siendi chooni peke yangu.

Babu mwenyewe alikufa kitandani kwa maradhi ya kifua, amezeeka vizuri, na gobore likahamia kwa Hamisi pamoja na kibali chake.

Sasa msimu huu Hamisi alijikata kiganja cha kushoto kwa mundu, huko huko shambani. Jirani alimleta akivuja damu, na gobore kalibeba yeye begani. Nilichana kanga yangu ya njano nikamfunga. Mkono ukavimba, homa ikampanda, na kwa siku kadhaa hakuna aliyewakumbuka nguruwe. Nguruwe wao hawakutusahau. Waliingia kwenye jaruba la chini, wakala, wakalala humo kama kwao. Hamisi alipoona ule uharibifu alisema kesho alfajiri anakwenda dunguni. Mkono wa kulia ni mzima na kidole cha kufyatulia anacho.

Mdeki wa Babu ulikuwa umepotelea kwenye mpunga siku ile ya damu. Nikamuuliza Hamisi kama gobore lina kitu ndani, akasema halina. Basi nikatafuta ufito mnyoofu wa mti mgumu, nikauingiza mtutuni mpaka ukagota, nikautia alama usawa wa mdomo, nikaukata hapo. Ndivyo Babu alivyoukata wa kwake. Kisha nikashindilia, nikapima. Vidole vinne, barabara. Hamisi akatazama, akasema, "Mama Asha, babu yako angekuoa kweli." Ndiyo maana nikalala najiona.

Sijui nilisinzia wakati gani. Ninachojua ni kwamba jua lilikuwa linawaka na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba ya zamani, ile aliyonilelea Babu. Nyumba hiyo ilishaanguka, siku hizi ni kichuguu na magugu. Lakini pale ilikuwa imesimama, imesilibwa upya, na udongo wa ukutani ulikuwa bado mbichi. Hakuna kuku aliyelia. Hakuna mtoto. Mchana mweupe, na kimya kama cha nyumba iliyofungwa.

Babu alikuwa amechuchumaa, kanipa mgongo. Mbele yake palikuwa na ungo, na juu ya ungo alikuwa ameanika baruti. Alivaa koti lake la kaki, limefungwa vifungo mpaka shingoni, naye alipokuwa hai hakuwahi kufunga vifungo hivyo. Nililiangalia lile koti, moyo ukaanza kunienda mbio, kwa sababu nilijua amekufa. Watu husema ndotoni mtu husahau. Mimi sikusahau. Nilikumbuka mpaka nani alishika jeneza upande gani.

"Mke wangu," akasema bila kugeuka. "Njoo ushike."

Miguu yangu haikutaka. Bibi zetu walitufundisha kwamba marehemu akikujia ndotoni akakupa chakula, usile, na akikwambia twende, usiende, hata akiwa mama yako mzazi. Nilijiandaa kukataa chakula. Lakini Babu aliponyoosha mkono kwa nyuma, vile vile kanipa mgongo, alikuwa ameshika ufito wangu, ule mdeki mpya niliokata mimi. Nilijua ni wangu kwa sababu ncha yake nilikuwa nimeichonga vibaya. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia marehemu akikupa mdeki ufanye nini.

Nikaficha mikono nyuma. Hapo ndipo Babu anapoinuka. Anageuka taratibu, na uso ni wake, ndevu ni zake, ila macho hayapepesi. Anatembea kunijia, na vumbi halitimki chini ya miguu yake. Mimi narudi nyuma. Najua nyuma yangu kuna ukuta, nasubiri mgongo ugonge udongo mbichi, na ukuta haufiki. Narudi, narudi, na kitu kinanikwaruza mikononi. Ni mpunga. Tumo bondeni, mpunga umenifika kifuani, na ile nyumba haipo.

Dungu letu lipo mbele yangu. Juu yake ameketi mtu, miguu inaning'inia, kichwani amefunikwa kaniki. Hakuna anayeniambia ni nani. Najua ni Mzee Likonde, ambaye sikuwahi kumwona, na kichwa changu kinasisimka kama kinatambaliwa na sisimizi. Kaniki inapanda na kushuka usawa wa mdomo. Anapumua chini yake.

Nataka kukimbia, lakini mikono yangu ina kazi. Imeshika mchi. Natwanga kwenye kinu, du, du, du, na Babu amechuchumaa pembeni anatazama ndani ya kinu. Sijui kinu kimetoka wapi wala natwanga nini. Mchi unazama ndani zaidi ya kinu chochote nilichowahi kutwangia, unazama mpaka ngumi zangu zinafika mdomoni mwa kinu, halafu unagota. Naukandamiza. Haushuki tena.

"Umegota kwenye nini?" Babu ananiuliza.

"Chini, Babu."

"Umepaona?"

Naangalia ndani, mna giza tu, na ninapoinua uso kinu si kinu tena, ni mtutu wa gobore, mwembamba na baridi, na mchi wangu ni ule ufito. Babu amekaribia mno. Kichwa chake kiko begani kwangu. Zamani ungemjua Babu kwa ugoro kabla hujamwona, lakini sasa hanuki ugoro, ananuka udongo uliochimbuliwa leo. Nasema, "Babu, nimepima. Ni vidole vinne. Nimepima kama ulivyonifundisha."

Babu anauchomoa ufito kutoka mtutuni na kuulaza juu ya gobore kwa nje, kama mtu anayepima kitambaa. Ncha moja anaiweka sawa na mdomo wa mtutu. Kidole chake kinatembea juu ya ule ufito polepole kuelekea nyuma, kwenye tundu la kuwekea fataki, ile ya kuwashia baruti, pale mtutu unapoishia. Kinafika mwisho wa ufito na hakijafika kwenye tundu. Kuna chuma kimebaki kitupu, hakina ufito juu yake. Mdeki wangu ni mfupi. Nilioukata mwenyewe, usawa wa mdomo, ni mfupi.

Babu anaweka mkono wake juu ya kile chuma kitupu, na vidole vinne vinakijaza chote.

"Huu wa mumeo," anasema.

Halafu anausogeza ufito mbele, utokeze mdomoni kama ulivyotokeza jioni nilipopima. Pengo linakuwa kubwa zaidi. Anaushika mkono wangu, na wake ni baridi hata nahisi maumivu kwenye mfupa, anaulaza kando ya mkono wake. Vidole vinne vya Babu, vidole vinne vyangu.

"Huu wako."

Nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kukaniogopesha kuliko kaniki. Gobore halikuwa tupu. Ufito wangu haukugota chini, uligota juu ya baruti na goroli alizotia Hamisi siku aliyojikata. Nilikata mdeki kwa kupimia bunduki iliyojaa, kisha nikashindilia mara ya pili juu ya ile ya kwanza, na kipimo kikaniambia mambo ni sawa.

Mpunga ukaanza kutikisika bila upepo. Juu ya dungu yule mtu alikuwa anainua mkono, anautoa chini ya kaniki, anautafutia mahali pa kushika ili ashuke. Sikutaka kuutazama, na macho yakagoma kufumba. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimefungwa kitambaa. Kitambaa cha njano. Nilikijua, nilikichana mwenyewe kwenye kanga yangu, na fundo lile ni langu, mimi hufunga upande wa kidole gumba. Yule hakuwa Mzee Likonde.

Nikapiga ukelele na haukutoka. Nikavuta pumzi nikapiga mwingine, nao haukutoka. Kaniki ilikuwa inateleza. Inateleza kutoka upande mmoja, na najua ikianguka nitaona kilichobaki cha uso wa mume wangu.

Babu akanishika kifundo cha mkono. "Twende."

Hapo sauti ikanirudia. Nilikumbuka mafundisho ya bibi zetu, nikajua ndiyo haya sasa, amekuja kunichukua, na Hamisi ameshamchukua. Nikajivuta. Nikapiga magoti kwenye matope nikang'ang'ania mashina ya mpunga. "Siendi, Babu! Siendi na wewe! Niache!" Nilimpiga. Mimi nilimpiga Babu Athumani kifuani kwa ngumi, kile kifua kilichomuua, na alipokea zile ngumi bila kurudi nyuma wala kulegeza mkono. Alinivuta kwa nguvu ambazo hakuwa nazo hata ujanani. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ndipo akaniachia. Kwa mara ya kwanza macho yake yalipepesa, na nikaona kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa na haraka.

"Basi nenda mwenyewe," akasema. "Anatoka."

Nikafumbua macho nikiwa nimekaa kitandani, jasho limeniloanisha, mkono mmoja nimeukunja ngumi. Dirishani palikuwa pameanza kupauka. Nikapapasa upande wa Hamisi. Shuka lilikuwa na joto bado, na mwenyewe hayupo. Nikasikia komeo la mlango wa mbele likirudishwa polepole, kama anavyofanya siku zote ili asiniamshe.

Kwetu mtu anayekwenda kuwinda haitwi akishatoka. Ukimwita nyuma umemharibia, na wenyewe husema bora umfichie panga kuliko kumwita nyuma. Babu ndiye aliyekuwa mkali zaidi kwa jambo hili. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumwita akiwa njiani, akarudi, akatundika gobore, na siku nzima hakusema na mtu. Nilifika mlangoni bila kanga ya pili, miguu mitupu, na Hamisi alikuwa ameshapita shimo la takataka, gobore begani, anashika njia ya bondeni.

"Hamisi!"

Jina tupu, ambalo simwiti hata tukiwa wawili. Alisimama. Hakugeuka.

"Umeniita nyuma, Mama Asha."

"Nimekuita."

"Siku yangu umeiharibu."

"Na iharibike. Toa fataki, Baba Asha. Nakuomba kwa Mungu, toa fataki uweke hilo gobore chini."

Akageuka na maneno yake mdomoni, akaniona nilivyo, akayameza. Akatoa fataki, akalilaza gobore na ufito wake juu ya majani yenye umande. Nilipiga magoti pale. Nilijaribu kuuingiza ufito mtutuni ukateleza nje, akaushika yeye kwa mkono wake mzima, nami nikauongoza. Ulishuka ukagota. Nikaubana kwa vidole usawa wa mdomo, nikauchomoa, nikaulaza nje ya mtutu, ncha ikielekea nyuma.

Hamisi alitazama ule ufito ulipoishia. Kisha akatazama tundu la fataki. Aliweka mkono wake wa kulia katikati, vidole vinne, na chuma kikabaki. Nikaweka wa kwangu kando yake. Ikaenea.

Hamisi akakipapasa kile chuma tena kwa kidole. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Nililishindilia. Siku ile, kabla sijashika mundu. Nililishindilia nikaliegemeza kwenye dungu. Wallahi nilisahau, nikaona halina kitu." Akakaa chini kwenye umande, ule mkono wa njano ameupakata mapajani kama wa mtu mwingine.

"Nani kakwambia?" akaniuliza.

"Babu."

Akatazama nyuma yangu, kwenye mlango ulioachwa wazi. Mimi sikugeuka. Woga ulikuwa haujaniacha, na mpaka leo haujaniacha wote. Kuna siku nikiamka kabla ya mapambazuko nakihisi kifundo cha mkono kina baridi. Tulilimiminia gobore maji mpaka yakafurika mdomoni, ili baruti ife. Nguruwe walikula jaruba zima asubuhi ile, na nilisikia wakila, na sikujali.

Kilichonishinda ni kingine. Nilikaa kando ya Hamisi nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi, mpaka majirani wakatoka wakidhani kuna msiba. Nilikuwa nakumbuka kifua cha Babu kilivyopokea ngumi zangu. Aliposema twende, nilidhani ananipeleka kwake. Kumbe alikuwa ananitoa kitandani, nimuwahi mume wangu.